Saa Haioni Haya

Haya ni pambo la mwanadamu, lakini kila pambo lina mahali pake. Kikuku hakivaliwi shingoni, wala haya haifai kuvaliwa mahali ambapo kunyamaza huleta madhara. Iko dawa ambayo nguvu zake hupimwa kwa saa, na kila saa ipitayo huondoka na sehemu ya faida yake. Dawa hiyo, katika lugha yetu, imefichwa chini ya mkeka. Hutajwa kwa mnong'ono, kwa herufi na tarakimu, au kwa jina la uongo. Naisema kinga ya dharura ya mimba, yaani dawa aitumiayo mwanamke baada ya kuingiliana na mwanamume bila ya kinga, au baada ya kinga yao kushindwa. Insha hii yadai jambo moja: kwamba mnong'ono huo si adabu, bali ni wizi wa saa, na kwamba sisi tunaokifundisha na kukiandika Kiswahili tuna fungu letu katika wizi huo.

Ili madai haya yasiwe maneno matupu, yafaa tuanze na kazi ya mwili. Watu wengi hudhani kuwa mimba hutungwa papo hapo, katika dakika ile ile ya tendo. Sivyo. Mbegu za mwanamume zaweza kuishi katika mwili wa mwanamke hata siku 5, zikilingoja yai. Yai lenyewe, likisha kutoka katika ovari, huishi kwa muda wa saa 12 hadi 24 tu. Basi baina ya tendo na kutungwa kwa mimba huwapo nafasi; pengine ni ya saa chache, pengine ni ya siku kadha wa kadha. Vidonge vya dharura hufanya kazi yake katika nafasi hiyo. Huchelewesha kutoka kwa yai, hata mbegu zikafa kabla hazijalipata. Yai likiwa limekwisha kutoka, kidonge hakina tena la kuchelewesha. Mimba ikiwa imekwisha kutungwa, kidonge hakiitoi wala hakiidhuru. Mwanamke aliye katika hali hii hushindana na yai lake mwenyewe, na hana njia ya kujua kama limebakisha siku mbili au saa mbili. Hiyo ndiyo sababu ya haraka, wala hapana sababu nyingine.

Njia zenyewe si siri. Iliyoenea zaidi ni kidonge cha levonojestreli cha miligramu 1.5, ambacho humezwa mara moja. Kikiwa kimegawanywa katika vidonge viwili vya miligramu 0.75, vyote viwili vyaweza kumezwa kwa pamoja. Hufaa zaidi katika saa 72 za kwanza. Shirika la Afya Duniani huruhusu kitumiwe hata saa 120, lakini kwa nguvu iliyopungua. Utafiti mkubwa wa shirika hilo, uliotangazwa mwaka 1998, ulionyesha kupungua huko kwa hesabu. Waliomeza katika saa 24 za kwanza walizuiliwa asilimia 95 ya mimba zilizotazamiwa. Waliomeza baina ya saa 25 na 48, asilimia 85. Na waliomeza baina ya saa 49 na 72, asilimia 58. Msomaji na azitazame tarakimu hizo tatu kwa makini. Kidonge ni kile kile na mwanamke ni mwanamke yule yule. Kilichobadilika ni saa.

Njia ya pili ni kidonge cha ulipristali, miligramu 30, ambacho kilipata idhini katika nchi za Ulaya mwaka 2009 na Marekani mwaka 2010. Hiki hudumisha nguvu zake vizuri zaidi hadi saa 120, kwa kuwa chaweza kumzuilia mtu yai hata karibu na wakati wake wa kutoka. Akitumiaye hungoja siku 5 kabla ya kuanza vidonge vya kila siku vya uzazi wa majira, maana dawa hizo mbili hupingana. Njia ya tatu ni kitanzi cha shaba, kinachowekwa katika mji wa mimba na mtu aliyefunzwa kazi hiyo, katika muda wa siku 5. Shaba huzidhoofisha mbegu zisilipate yai. Kwa uhakika hakina mshindani: huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 99, kisha chaweza kubaki mahali pake kikaendelea kumkinga mwenyewe miaka 10. Na pale ambapo hapana lolote katika haya, vidonge vya kawaida vya uzazi wa majira, vile vyenye homoni mbili, vyaweza kutumiwa kwa hesabu maalumu, mara mbili, kwa kupishana saa 12. Njia hiyo hujulikana kwa jina la daktari Albert Yuzpe wa Kanada, aliyeitangaza pamoja na wenzake mwaka 1974. Ni dhaifu kuliko nyingine na huleta kichefuchefu zaidi, na hesabu yake yafaa itolewe na mwuguzi. Lakini ni heri kuliko kukaa na kulia.

Zipo na hadhari zake. Mwanamke akitapika katika saa 2 za kwanza baada ya kumeza levonojestreli, au saa 3 baada ya ulipristali, humeza tena. Levonojestreli yaweza kupungua nguvu katika mwili mzito. Miongozo ya Uingereza ya mwaka 2017 yasema kwamba aliyezidi kilo 70 afikiriwe kupewa dawa nyingine au kipimo mara mbili. Kadhalika hudhoofishwa na rifampisini, dawa ya kifua kikuu; na efavirenzi, mojawapo ya dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi; na baadhi ya dawa za kifafa. Katika nchi zetu, ambamo maradhi hayo si mageni, maswali haya hayana budi kuulizwa mbele ya meza ya muuza dawa. Lakini yataulizwaje, ikiwa mnunuzi amesema herufi moja na tarakimu moja, akatupa fedha mezani, akaondoka ameinamisha uso?

Hapa ndipo kazi ya mwanalugha inapoanza. Nimewahi kuwaomba wanafunzi wangu waandike katika karatasi, bila ya kutaja nafsi zao, jina walijualo la dawa hii. Majina yalikuwa ya namna tatu, na kila namna ilikuwa na hasara yake.

Namna ya kwanza ni P2, jina linalotumika sana mijini katika Kenya na Tanzania. Asili yake ni alama ya biashara, Postinor-2, na ile tarakimu ilihusu vidonge viwili vilivyokuwamo katika paketi. Leo mara nyingi kidonge ni kimoja, lakini tarakimu imebaki, na anayekutana nayo hajui kama ni vidonge 2, siku 2, au mara 2. Jina la biashara si kosa. Tuna mengi katika lugha yetu yaliyokuwa ya biashara yakawa ya watu wote. Kosa la jina hili ni kwamba halisemi lolote. Halisemi dawa yafanya nini wala yatumika lini. Ni kifuniko, na kifuniko hicho kilipendwa kwa sababu ni kifuniko.

Namna ya pili ni jina la asubuhi: kidonge cha asubuhi, kidonge cha kesho yake. Jina hili limefasiriwa kutoka lugha za wageni, likaletwa pamoja na upotovu wake. Hupotosha kwa pande mbili. Mmoja hulisikia akadhani ni lazima angoje asubuhi ifike, na kumbe angaliweza kumeza usiku ule ule. Mwingine hushindwa kupata dawa asubuhi ya kwanza, akasema mlango umefungwa, akarudi nyumbani kungoja majaliwa, na kumbe amebakiwa na siku kadha. Wa kwanza amepoteza saa 8 au 10 kwa kulitii jina. Wa pili amepoteza zote zilizobaki kwa kuliamini. Jina moja limewatia hasara watu wawili waliokuwa na haja ya aina moja.

Namna ya tatu ndiyo mbaya kupita zote: dawa ya kutoa, au dawa ya kusafisha. Hili si jina pungufu, ni jina la uongo. Nimekwisha kueleza kwamba dawa hii hutangulia mimba, haiifuati. Mwaka 2022, mwezi wa Desemba, mamlaka ya dawa ya Marekani ilibadili maelezo ya kidonge cha Plan B One-Step, ikaeleza bayana kwamba hakifanyi kazi kwa kuzuia yai lililorutubishwa lisijishikize katika mji wa mimba. Mtu akiuita mwavuli kuwa ni dawa ya nguo zilizolowa, wako watakaoufungua baada ya kufika nyumbani. Vivyo hivyo msichana aliyeambiwa kwamba hii ni dawa ya kutoa hungoja kwanza aone kama kuna cha kutolewa. Hungoja siku zake za mwezi zipite. Ndipo huenda dukani, na dawa aliyoiendea haina tena la kumfaa. Neno moja la uongo limegeuza kinga kuwa majuto.

Yuko atakayesema kwamba mambo haya huponywa kwa kutaja siku tu: mwambie mtu "katika siku tatu", basi. Nasema hapana, na ushahidi wangu ni lugha yenyewe. Kwa hesabu ya kale ya pwani, siku huanza jua linapotua. Usiku unaoutangulia mchana wa Jumapili ndio usiku wa Jumapili, ingawa kwa kalenda ya ofisi ungali wa Jumamosi. Tena wengi wetu huihesabu na siku tuliyo nayo: leo moja, kesho mbili, kesho kutwa tatu. Chukua basi tendo lililotokea Jumamosi saa 4 usiku. Saa 24 za kwanza, zile zilizo bora, humalizika Jumapili saa 4 usiku, nazo zaweza kupita zote huku duka la dawa la mtaani limefungwa. Saa 72 humalizika Jumanne saa 4 usiku, yaani mtondo; bali yule aliyehesabu siku tatu kwa desturi ataona zimekwisha Jumatatu. Saa 120 humalizika Alhamisi saa 4 usiku, siku moja kupita mtondogoo. Bibi mzee na mwuguzi kijana waweza kutaja jina moja la siku, wakawa wanatofautiana kwa usiku mzima. Kwa sababu hiyo dawa hii haina budi kuhesabiwa kwa saa, na msemaji hana budi kuanza na swali hili: ilikuwa saa ngapi?

Na hata saa 72 zenyewe zahitaji kuelezwa. Wengi huzichukua kana kwamba ni mkopo wa siku tatu usio na riba, ulipao siku ya mwisho sawa na siku ya kwanza. Tarakimu za mwaka 1998 zimekwisha kutuonyesha kwamba riba ipo. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini wahenga hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika jambo hili methali ya pili ndiyo yenye haki, wala haikuwahi kusema kweli iliyo karibu zaidi na maneno yake.

Sasa nawageukia wapinzani, maana wapo, na wengine wao ni watu ninaowaheshimu. Wasema kwamba kuitaja dawa hii hadharani ni kuwafungulia vijana mlango wa zinaa. Hoja hii yaonekana nzito mpaka uipime. Wanaoijia dawa hii wamekwisha kupita mlango huo unaosemwa; na wengine hawakuupita mlango wowote, walivutwa kwa nguvu. Kadhalika yuko mke wa mtu ambaye mpira wa mumewe umepasuka, au aliyesahau vidonge vyake vya kila siku, naye ana watoto watano tayari. Tafiti zilizokusanywa juu ya wanawake waliopewa vidonge hivi mapema wakae navyo nyumbani hazikuonyesha kwamba walizidi kuacha kinga au kuzidiwa na maradhi ya zinaa. Kwa upande wa pili, nisifiche kwamba tafiti hizo hizo hazikuonyesha kuwa idadi ya mimba ilipungua kwa jumla. Kwa hiyo simwambii msomaji kwamba kidonge hiki kitaliponya taifa. Namwambia kwamba mwanamke mmoja, katika saa yake moja, ana haki ya kujua.

Wengine wasema kwamba dawa hii huharibu kizazi. Haiharibu. Yaweza kuleta kichefuchefu, maumivu ya kichwa, uchovu, au matone ya damu. Yaweza kuwahisha au kuchelewesha siku za mwezi. Kisha hayo hupita, na uwezo wa kuzaa hubaki kama ulivyokuwa. Siku zikichelewa zaidi ya juma moja, mwanamke na apime mimba. Lakini ni kweli, tena yafaa isemwe kwa sauti ile ile, kwamba dawa hii haimkingi mtu kwa tendo litakalofuata, kwamba kwa matumizi ya kila mara ni duni kuliko njia za kawaida za uzazi wa majira, na kwamba haizuii kabisa virusi vya Ukimwi wala kaswende. Wapo vijana wanaoimeza kila mwisho wa juma kama peremende. Mimi siwatetei. Nauliza tu: nani aliwaeleza? Mnong'ono huweza kutaja jina la dawa, ila mnong'ono hauna nafasi ya maelezo. Ukimya uliokusudiwa kuzuia matumizi umezuia maarifa tu, matumizi yameendelea.

Wapo na wa tatu, wasemao kwamba mazungumzo ya namna hii ni ya kigeni, hayana mizizi katika ustaarabu wetu. Hawa ndio ninaowashangaa zaidi, kwa kuwa hudai kuulinda ustaarabu wasioujua. Pwani yetu ilikuwa na kungwi na somo. Mwari aliwekwa ndani, akafundishwa mwili wake na mtu mzima aliyekabidhiwa kazi hiyo na jamaa yake, kwa maneno yaliyo wazi na kwa nyimbo zilizo wazi kuliko maneno. Hapana aliyeona kwamba somo amevunja adabu kwa kusema. Angaliivunja kwa kutosema. Wazee wetu walijua kuwa haya ina mipaka, na kwamba ndani ya mipaka hiyo lazima awepo mtu mmoja ambaye msichana aweza kumwuliza lolote. Sisi tumemwondoa kungwi, tukamweka msichana shuleni, na mahali pa kungwi hatukumweka mtu. Ugeni uko katika ukimya wetu huu wa leo, si katika kusema. Tena lugha yenyewe ilikwisha kutupa neno, uzazi wa majira. Maadamu tumekubali kwamba uzazi una majira yake, twakataaje kwamba dharura yake ina saa zake?

Na yaliyo hatarini si nahau wala istilahi. Katika Tanzania, hadi Novemba mwaka 2021, serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua wataruhusiwa kurudi katika shule zake, mimba ilikuwa mwisho wa masomo ya msichana katika shule hizo. Hata sasa, ruhusa ya kurudi si sawa na kutoondoka kamwe. Huyo ni mmoja. Mwingine ni mwanamke aliyebakwa. Yeye ana saa mbili zinazokwenda kwa pamoja: saa za kuzuia mimba, na saa 72 za kuanza dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, ambazo humezwa siku 28, na ambazo nazo hufaa zaidi kila zinapowahiwa. Mwanamke huyo akifika mbele ya askari au mwuguzi akakosa maneno, au akakuta mwenye maneno anaona haya kuyatamka, mshitakiwa wa kwanza ni yule aliyembaka. Lakini wa pili ni sisi. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, wasema watu. Huyu atamkuta mwana ni wake, asiyemtaka, wa mtu asiyemtaka.

Nadai nini basi? Sidai makuu. Nadai kwamba dawa hii iitwe kwa Kiswahili kilicho wazi, kinga ya dharura ya mimba, na kwamba jina hilo liingie katika vitabu vya shule, katika makaratasi ya dawa, katika kamusi na katika midomo ya watangazaji. Nadai kwamba kila aitajaye ataje na saa zake: upesi iwezekanavyo, bora katika saa 24, vizuri katika saa 72, na kwa ulipristali au kitanzi cha shaba hata saa 120. Nadai kwamba muuza dawa aulize kwa upole ni saa ngapi zimepita na ni dawa gani nyingine mnunuzi anazotumia, na asiulize jingine, kama vile asivyomwuliza mwenye homa alikaa wapi hata mbu akamwuma. Na nadai kwa wenzangu, walimu wa lugha, kwamba tusijivunie utajiri wa Kiswahili kwa tenzi na mashairi peke yake. Lugha hupimwa pia kwa lile iwezalo kumwambia msichana mwenye hofu, saa 5 za usiku, katika sentensi moja asiyoweza kuikosea.

Sentensi hiyo nimekwisha kuiandika hapo juu, nayo si ndefu. Aliye na binti, dada, mke au mwanafunzi na amwambie kabla ya haja kufika. Maana haja ikifika, saa haitangoja mpaka sisi tumalize kuona haya.